Kukuza nanofuwele za zeoliti A ndani ya jeli ya methiliselulosi: mwongozo wa maabara, hatua kwa hatua

Zeoliti A imekuwepo tangu mwishoni mwa miaka ya 1940, Robert Milton alipoitengeneza katika maabara za Union Carbide, Marekani, na hataza yake ikatoka mwaka 1959. Leo imo kwenye sabuni nyingi za unga zisizo na fosfati, ikinyakua kalsiamu ya maji magumu. Imo pia kwenye vichujio vya kukaushia gesi. Ni fuwele ya silika, aluminiamu na sodiamu yenye vitundu vya upana wa takribani nanomita 0.4, vyote sawasawa. Molekuli ya maji hupita, kubwa zaidi hukwama mlangoni.

Ukiipika kwa njia ya kawaida unapata vijichemraba vya mikromita moja hadi kadhaa. Kwa sabuni vinatosha kabisa. Lakini zipo kazi ambazo ukubwa huo ni kikwazo. Muda wa molekuli kusafiri ndani ya fuwele hukua kwa mraba wa umbali, kwa hiyo fuwele ya nanomita 100 badala ya mikromita 2 hupunguza safari mara 20 na muda mara 400. Mwaka 2007 Eric Hoek na wenzake wa chuo kikuu cha UCLA walipachika nanofuwele, yaani fuwele za ukubwa wa nanomita tu, za zeoliti A kwenye utando wa kuchujia chumvi ya maji ya bahari. Tabaka linalochuja kwenye utando ule ni jembamba mno, fuwele ya mikromita 2 isingeenea humo. Kwa msomaji wa Muscat, ambako maji ya bomba kwa sehemu kubwa hutoka baharini, jambo hili liko karibu sana.

Shida ya nanofuwele si kuzitengeneza tu, ni kuzitoa zikiwa bado nano. Njia nyingi hutumia molekuli za kaboni kama kiolezo, kisha kiolezo hicho huchomwa kwa nyuzi 500 na zaidi. Moto huo huzigandisha fuwele pamoja kuwa mawe madogo, na kazi yote ya udogo inapotea. Mwaka 2003 Huanting Wang, Brett Holmberg na Yushan Yan wa Chuo Kikuu cha California, Riverside, walionyesha njia nyingine: kukuza zeoliti A na ndugu yake zeoliti X bila kiolezo, ndani ya haidrojeli (jeli yenye maji) ya methiliselulosi. Polima hii ina tabia iliyo kinyume na jeli nyingi tunazozijua. Huyeyuka kwenye maji baridi na kuganda ikipashwa moto. Oveni inapowaka, jeli inafunga na kuzibana fuwele zikiwa changa, na kazi ikiisha unapoza, jeli inayeyuka, unaiosha kwa maji baridi. Hakuna cha kuchoma.

Vipimo vilivyo hapa chini nimevipiga mwenyewe kutoka kwenye uwiano wa zeoliti A unaotumika sana, na nimeongeza methiliselulosi kwa viwango vinavyopanda. Vichukue kama mahali pa kuanzia, kisha urekebishe kwa malighafi zako.

Kabla ya kununua chochote

Methiliselulosi ndiyo inayowapotosha wengi. Maduka ya kemikali ya Kariakoo na Nairobi huuza CMC (kaboksimethiliselulosi) kwa watengeneza sabuni ya maji, na muuzaji atakuambia ni kitu kilekile. Si kilekile. CMC ina chaji, haigandi kwa joto, na haitafanya kazi hii hata kidogo. Methiliselulosi ya haidroksipropili nayo huganda, lakini kwa joto la juu zaidi na kwa ulegevu. Unataka methiliselulosi halisi yenye mnato mdogo, ambayo lebo yake inaonyesha takribani 15 mPa·s kwa mmumunyo wa asilimia 2. Yenye mnato mkubwa itakuwa kama gundi kabla hujafika asilimia 3.

Jaribio la dakika chache linatosha kuthibitisha ulichouziwa. Yeyusha kidogo kwenye maji baridi, weka kwenye mrija, tumbukiza mrija kwenye maji ya nyuzi 70. Methiliselulosi itageuka nyeupe na kushikana kiasi kwamba unaweza kuupindua mrija. Upoze kwenye barafu, irudi kuwa kimiminika angavu. Isipofanya hivyo, irudishe dukani.

Sodiamu aluminati inahitaji cheti chake, kinachoonyesha kilichomo ndani. Ya viwandani huwa na aluminiamu oksaidi kidogo kuliko ile safi, na sodiamu ya ziada, pamoja na maji. Usipime tu gramu za mwongozo. Kwa chupa moja unahitaji kufikia jumla hizi: aluminiamu oksaidi gramu 2.55, silika gramu 2.89, sodiamu oksaidi gramu 4.90 na maji gramu 57.6. Zikitafsiriwa kwa malighafi safi ni hivi:

- Sodiamu aluminati safi, gramu 4.10
- Sodiamu metasilikati yenye molekuli 5 za maji, gramu 10.21
- Sodiamu haidroksaidi, gramu 0.48
- Maji yaliyoondolewa madini, gramu 53.2 (mengine yamo tayari ndani ya metasilikati)

Kama cheti cha aluminati yako kinasema asilimia 50 ya aluminiamu oksaidi, utapima gramu 5.10, kisha utapunguza sodiamu haidroksaidi kulingana na sodiamu iliyozidi. Hesabu hii usiiruke. Sodiamu ikizidi, joto likizidi, zeoliti A hugeuka kuwa sodalaiti, na sodalaiti haina vitundu vya maana.

Watu wa Tanzania huniuliza kuhusu kaolini ya Pugu. Ni swali zuri, kwa sababu kaolini ina silika na aluminiamu kwa uwiano wa moja kwa moja, sawa na zeoliti A, na ikichomwa takribani nyuzi 700 huwa tayari kuyeyushwa na alkali. Kwa zeoliti ya kawaida ni malighafi nzuri. Kwa nanofuwele siishauri kama hatua ya kwanza, maana chembe zenyewe za udongo ni kubwa kuliko fuwele unazozitaka, na mchanga uliomo utakuharibia picha ya eksirei. Anza na kemikali safi, udongo uje baadaye.

Vyombo viwe vya plastiki ya polipropilini, si glasi. Alkali hii hula glasi na kuongeza silika usiyoipima. Vaa miwani ya kinga tangu kofia ya kwanza inapofunguliwa hadi ya mwisho inapofungwa. Alkali kali jichoni huharibu haraka kuliko asidi nyingi, na ikitokea, suuza kwa maji yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi huku mtu mwingine akitafuta usafiri wa hospitali.

Hatua ya 1: Andaa jeli ya aluminosilikati

Utatengeneza chupa nne zinazotofautiana kwa kitu kimoja tu, kiasi cha polima. Kwa hiyo andaa fungu moja kubwa (vipimo vyote mara 4), kisha uligawe kwa mizani. Ukiandaa kila chupa peke yake, tofauti ndogo za upimaji zitachanganyika na athari ya polima na hutajua kipi kimesababisha nini.

Kwa kila chupa: yeyusha sodiamu haidroksaidi na aluminati kwenye gramu 15 za maji, na metasilikati kwenye gramu 20. Metasilikati huwa nzito kuyeyuka, maji ya nyuzi 40 husaidia. Chuja kama kuna ukungu uliobaki. Acha vyote viwili vipoe, viweke kwenye barafu hadi vifike chini ya nyuzi 10, ndipo umimine silikati ndani ya aluminati kwa mkupuo huku ukikoroga kwa nguvu. Papo hapo mchanganyiko utageuka mweupe na mzito. Endelea kukoroga hadi mabonge yote yaishe. Kama mashine ya sumaku inakwama, tumia kijiti cha plastiki na mkono.

Maji gramu 18.2 yaliyobaki kwa kila chupa ni ya methiliselulosi.

Hatua ya 2: Laza jeli

Funga chombo vizuri, kilaze kwa saa 24 kwenye joto lisilobadilika. Hapa ndipo idadi ya fuwele inapoamuliwa. Viini vidogo mno huzaliwa wakati wa kulala, na kila kiini kitakuwa fuwele moja. Malighafi ni ileile, kwa hiyo viini vikiwa vingi kila kimoja hupata kidogo na kubaki kidogo.

Andika joto la chumba. Nyuzi 31 za Dar es Salaam mwezi wa Februari na nyuzi 18 za Arusha mwezi wa Julai hazitoi idadi moja ya viini, hata kama kila kitu kingine ni sawa. Ukitaka kazi yako irudiwe na mwenzako wa mji mwingine, tumia beseni la maji lenye kidhibiti joto. Nyuzi 25 ni chaguo rahisi.

Hatua ya 3: Yeyusha methiliselulosi

Fanya hivi wakati jeli imelala. Viwango vya kuanzia, vikihesabiwa kwa maji yote ya chupa, ni asilimia 0, 1, 2.5 na 4, yaani gramu 0, 0.58, 1.44 na 2.30.

Ukimimina unga huu kwenye maji baridi utafanya madonge, kama unga wa uji uliotiwa ovyo: nje umelowa, ndani mkavu, na hauyeyuki tena. Chukua theluthi ya zile gramu 18.2, ipashe moto hadi nyuzi 85, nyunyiza unga huku ukikoroga. Kwenye maji ya moto hauyeyuki, unatawanyika tu kama mchanga. Kisha ongeza maji yaliyobaki yakiwa ya barafu na uendelee kukoroga. Utaona mchanganyiko mweupe ukianza kuwa angavu na mzito. Uweke kwenye friji usiku kucha, mapovu yapande na kila punje iloe hadi ndani.

Polima ni lazima iloe kwenye maji matupu kabla ya kukutana na chumvi. Chumvi nyingi huivuta maji na kushusha joto lake la kuganda. Methiliselulosi inayoganda kwa nyuzi 50 na kitu kwenye maji safi inaweza kuanza kushikana kwenye joto la chumba ikiwa ndani ya mchanganyiko wenye sodiamu nyingi kama huu. Ndiyo sababu hatua inayofuata hufanyika kwenye barafu.

Hatua ya 4: Changanya, ukiwa kwenye barafu

Poza jeli iliyolala na mmumunyo wa polima hadi nyuzi 5 hivi. Gawa jeli, gramu 49.8 kwa kila chupa. Ongeza mmumunyo wa polima kidogo kidogo, ukikoroga muda wote, chupa ikiwa imezama kwenye barafu. Chupa ya ulinganisho, ile isiyo na polima, ipate gramu 18.2 za maji matupu ya baridi.

Tazama vizuri kinachotokea. Mchanganyiko mzuri ni mweupe na laini, ukidondosha tone kwenye kioo linatandaa bila chembe. Ukiona nyuzinyuzi au vipande kama maziwa yaliyoganda, polima imekimbia chumvi. Kwanza shusha joto zaidi. Isiposaidia, ongeza maji kwa moja ya nne kwenye fungu linalofuata. Fuwele zitakua polepole zaidi na pengine kuwa kubwa kidogo, lakini polima itatandaa sawasawa, na bila hilo huna udhibiti wowote.

Gawa kila chupa kwenye mirija midogo ya polipropilini yenye kofia, mililita 10 kila mmoja. Hivyo utatoa mrija mmoja kila muda fulani bila kusumbua mingine.

Hatua ya 5: Oveni

Iwashe kwanza ifike nyuzi 80, ndipo uweke mirija. Polima inapaswa kuganda haraka, kabla fuwele hazijapata nafasi ya kutembea. Baada ya dakika 20 hivi toa mrija mmoja na kuuinamisha: wenye polima ya kutosha hautiririki, ule wa ulinganisho utatiririka. Baada ya hapo usiiguse.

Kinachoendelea humo ndani ni hiki. Wavu wa polima umeshikilia jeli ya aluminosilikati kwenye vijumba vidogo. Kila kiini hula kilicho karibu nacho, na chakula cha mbali hufika kwa shida. Fuwele haziwezi kuzama chini na kurundikana, wala kubwa hazili ndogo kwa urahisi. Polima ikiongezeka, vijumba hupungua, na fuwele pia.

Toa mirija baada ya saa 2, 4, 6, 9 na 12. Zeoliti A si fuwele ya mwisho kwenye safari hii. Ukiiacha kwenye alkali ya moto itaendelea kugeuka, kwa hiyo muda mrefu haumaanishi zao bora. Unatafuta ile saa ambapo jeli yote imekuwa fuwele, na sodalaiti bado haijaanza.

Hatua ya 6: Toa na uoshe kwa baridi

Poza mirija kwenye barafu, si mezani tu. Jeli hii hufunguka kwa joto la chini kuliko lile ililogandia, kwa hiyo kuishusha hadi nyuzi 25 huenda kusitoshe. Ikiwa kimiminika, ongeza maji ya barafu mara 10 ya ujazo wake na ukoroge nusu saa. Kuongeza maji mengi si anasa: polima ikibaki nzito, chembe hazizami.

Sasa mashine ya kuzungusha. Chembe ya nanomita 50 kwenye maji safi, kwa nguvu ya mara 10,000 ya mvutano wa dunia, huchukua takribani saa nzima kushuka sentimita 5. Mashine ndogo ya kuzungushia damu, inayofika mara 2,500 hivi, itahitaji zaidi ya saa nne kwa chembe hizohizo. Haina maana haifai, ina maana upange siku yako. Mashine yenye kupoza iweke nyuzi 4 hadi 10. Ikipata joto, polima huganda tena ndani ya mirija na kushuka pamoja na fuwele.

Mwaga maji ya juu, ongeza mengine ya baridi, tikisa au tumia beseni la mawimbi ya sauti kutawanya mashapo, zungusha tena. Rudia hadi pH ishuke chini ya 9 hivi. Usitumie asidi kuharakisha, zeoliti A ina aluminiamu nyingi na asidi huibomoa.

Katika duru ya tatu au ya nne kuna jambo litakalokushtua. Maji ya juu, ambayo mwanzo yalikuwa angavu, yatabaki na weupe wenye rangi ya samawati hata baada ya kuzungushwa. Usiyamwage! Chumvi imepungua, chembe zimeanza kusukumana, na zile ndogo kuliko zote zinaelea humo. Hizo ndizo ulizokuwa unazitafuta. Zungusha kwa muda mrefu zaidi, au zikusanye zikiwa ndani ya maji.

Kwa kukausha, njia ya kugandisha na kuvuta hewa ni bora kuliko oveni. Maji yanapokauka kwa joto huvuta chembe zishikane. Kama matumizi yako ni utando au kupaka tabaka, usizikaushe kabisa: zihifadhi kwenye maji, kausha sampuli ndogo tu ya kupimia.

Hatua ya 7: Pima kabla ya kudai

Kwanza uzito. Silika ndiyo inayoisha mapema kwenye uwiano huu, na kwa chupa moja zao haliwezi kuzidi gramu 8.8 za zeoliti yenye maji yake. Ukipata zaidi, una polima au jeli iliyobaki.

Kisha eksirei ya fuwele. Idara nyingi za jiolojia zina mashine hii, na gharama ya sampuli moja ni ndogo kuliko ya hadubini ya elektroni. Kwa mionzi ya shaba, zeoliti A huonyesha vilele kwenye pembe za nyuzi 7.2, 10.2, 12.5, 16.1, 21.7, 24.0, 27.1, 29.9 na 34.2. Kilele kwenye 14.1 ni sodalaiti. Kwenye 28.1 ni zeoliti P, aina nyingine ya zeoliti usiyoitaka hapa, ambayo hujificha kwa kuwa vilele vyake viwili vingine vinaangukia karibu na vya A. Kilima kipana kati ya 20 na 35 ni jeli ambayo bado haijawa fuwele.

Upana wa kilele hukupa ukubwa. Gawa 0.9 × 0.15406 kwa upana wa kilele katikati ya kimo chake (kwa radiani) uliozidishwa kwa kosaini ya nusu ya pembe. Mfano: kilele cha 7.2 chenye upana wa nyuzi 0.20, yaani radiani 0.00349, kinatoa takribani nanomita 40. Lakini mashine yenyewe ina upana wake. Pima kwanza fuwele kubwa za kawaida, uutoe huo, la sivyo utajipa udogo usio wako. Fuwele zikizidi nanomita 100 na kitu, njia hii huishiwa nguvu na unahitaji hadubini.

Kwa polima iliyobaki, tumia mwanga wa infraredi. Mstari wa 2,900 kwa sentimita ni wa methiliselulosi. Zeoliti A haina kitu pale, ila ina mstari wake kwenye 555 au karibu, unaotokana na vijisanduku vya pembe nne vinavyoijenga. Mstari wa 2,900 ukiwepo, rudia kuosha kwa baridi.

Ukitaka kubadilisha ukubwa

Badilisha polima kwanza, ndiyo maana ya njia hii. Kama asilimia 1 na asilimia 4 zinatoa ukubwa uleule, polima haijatandaa, rudi hatua ya 4. Kisha badilisha muda wa kulala: saa 24 dhidi ya 48. Joto la oveni liwe la mwisho, kwa kuwa likipanda huharakisha kuzaliwa, kukua na kugeuka kwa pamoja, na ni vigumu kutenganisha hayo matatu. Kitu kimoja kwa mara moja, na chupa isiyo na polima kila mara.

Mfumo wa zeoliti A ukishatulia mikononi mwako, hamia zeoliti X, ndugu yake mwenye vitundu vya nanomita 0.74, ambayo jamii yake ndiyo hutumika kutenganisha oksijeni na naitrojeni kwenye mashine za oksijeni za hospitali. Uwiano unaoaminika wa kuanzia, kwa moli na si kwa gramu, ni aluminati 1, silika 4, sodiamu haidroksaidi 16 na maji 325. Kulala kwa jeli kuna uzito zaidi huko kuliko kwa A. Ukifupisha muda wa kulala, zeoliti P itakuwa ya kwanza kujitokeza kwenye nyuzi 28.1.